Nilivyolifungia Jalada la Shamba Letu

Niliandika neno SIRI juu ya bahasha, kwa wino mwekundu, nikalipigia mstari chini kwa rula. Hilo ndilo kosa langu, na ninalisema mapema ili msomaji asihangaike kumtafuta mkosaji mwingine. Hakuna aliyenituma. Mama alikuwa jikoni anachambua maharage, mimi niko mezani na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu, nimekunja mikono ya shati kama katibu mkuu.

Miaka ile, mwanzoni mwa themanini, sabuni ilipokuwa ya kutafutwa na sukari ya kupangiwa foleni, bahasha yenye neno hilo ilikuwa na heshima kuliko mtu aliyeibeba. Niliwahi kumwona balozi wetu wa nyumba kumi akipita na moja kwapani. Wanaume waliokuwa wakibishana kwenye kilabu cha pombe walinyamaza ghafla, na mmoja wao akavua kofia. Nikaweka hilo moyoni. Nilijiambia kwamba barua ya kawaida itakaa chini ya barua nyingine mpaka panya waisome. Yenye SIRI itafunguliwa kwanza.

Na haraka tulikuwa nayo. Tuliishi upande wa juu wa Karatu, pale mashamba yanapokoma na msitu wa hifadhi ya Ngorongoro unapoanza. Baba alikwishafariki. Shamba lililotulisha ni lile la juu, lenye udongo mweusi, ambamo mama alipanda mahindi akayachanganya na maharage ya ngwara, nyati wakaja kuonja, sisi tukala kilichobaki. Sasa siku moja tulirudi kutoka mnadani tukakuta jiwe. Lilikuwa limejengewa kwa saruji kwenye ukingo wa chini wa shamba hilo, limepakwa chokaa, na juu yake mtu alichora namba.

Tukauliza nani kaliweka. Kijiji ambacho hujua kuku wa nani ametagia kichaka gani, siku hiyo hakikuona gari, hakikuona watu, hakikuona hata chokaa.

Hofu yenyewe ilikuwa hii. Huko ndani ya hifadhi kilimo kilikwishapigwa marufuku, na bonde la pili kutoka kwetu watu walikuwa wamekamatiwa ng'ombe na plau yao kwa kulima ng'ambo ya mpaka. Mama alikuwa na maksai mmoja. Mama jirani, mjane mwenzake, naye alikuwa na mmoja. Kila msimu waliwafunga nira moja, wakalima kwetu, wakalima kwake. Kama jiwe ndilo mpaka, basi shamba lote la juu lilikuwa hifadhi, na kulilima ni kumpeleka maksai akashikwe. Kama silo, kuliacha bila kulima ni kukubali njaa. Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kukaa juu ya mlima Oldeani.

"Mimi nataka neno moja tu," mama alisema. "Nilime, au nisilime?"

Nilimwendea balozi. Alikuwa anakata kwato za mbuzi, hata hakuinua uso.

"Mimi sijui," alisema. "Na wewe, kwa faida yako, usijue."

Jibu hilo likaninyima usingizi. Mtu asiyejua husema sijui, akanyamaza. Anayejua ndiye anayekushauri usijue. Kutoka kwa balozi nikahamia kwa mama jirani. Shamba lake lilikwenda sambamba na letu, ng'ambo ya ua wa mkonge, likapanda hadi kwenye miti. Mbona kwake halikuwekwa jiwe? Mbona alikuwa mtulivu hivi, anaimba wakati wa kukamua? Nikaanza kukumbuka mayai aliyowahi kumpa bwana shamba. Yalikuwa mayai ya kawaida, ya mgeni, lakini mtu akishaanza kushuku, hata yai huliona lina miguu.

Mama alitaka niende mwenyewe wilayani nikaangalie ramani. Nikamwambia barua inatosha, ofisi zinapenda maandishi. Ukweli ni kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu niliomaliza nao kidato cha nne walikwenda Arusha, walikwenda Dar es Salaam, mmoja alifika hadi Ulaya Mashariki akarudi na koti. Mimi nilirudi kwa mama. Nikipanda lori hutapika kabla dereva hajawasha injini.

Barua yenyewe ilikuwa nzuri, hilo sitaki mtu aninyang'anye. Niliandika kwamba tunaomba kuona ramani ya mpaka. Niliandika kwamba tulifundishwa darasani kuwa serikali ni ya wakulima na wafanyakazi, na kwamba mimi ni mkulima. Nilikuwa mkulima kwa maana kwamba mama yangu alikuwa mkulima. Kisha nikaitia kwenye bahasha, nikafanya ile kazi ya wino mwekundu, nikampa dereva wa lori la ushirika aifikishe.

Jibu halikuja. Badala yake watu wakabadilika.

Kwenye duka la kijiji, nilipoingia, mazungumzo yalikatika. Muuzaji akaniambia, "Karibu, mheshimiwa," na waliokuwa kwenye foleni wakanipisha, kitu ambacho hakikuwahi kunitokea hata nilipokuwa na malaria. Nilipata kipande cha sabuni bila kusukumana. Nilipotoka, nikasikia wote wanaanza kusema kwa pamoja. Balozi naye alianza kupita kwetu jioni, anasalimia kwa urefu, anauliza nilisoma shule gani, mwalimu wangu alikuwa wa kabila gani, na kama bado tunaandikiana.

Mama jirani hakuzunguka. Alinisubiri kwenye ua wa mkonge.

"Garma," aliniita. Kwa Kiiraqw ni kijana, na yeye alilitumia akiwa amekasirika au akihitaji kupasuliwa kuni. "Nasikia siku hizi unaandikiana na serikali."

"Shikamoo, mama. Nimeomba ramani tu."

"Ramani ya kwenu au ya kwangu?"

"Ya kwetu."

"Barua nyekundu, kwa ramani ya kwenu peke yake?"

"Nani kakuambia ni nyekundu?"

"Dereva. Anasema mkono ulimwasha mpaka alipoifikisha." Akaniangalia toka miguuni hadi kichwani, akanirudia tena kwa kushuka. "Mimi nimezaa, garma. Mtoto akificha kitu mdomoni namjua hata akikaa kimya. Hasa akikaa kimya."

Alidhani ninaliandikisha shamba lake kwa jina langu. Mimi nilidhani ameshaambiwa jambo na bwana mmoja wa ofisini. Tukaendelea kusalimiana kila asubuhi kwa adabu zote. Lakini tangu siku hiyo maksai wake alianza kuumwa mguu kila nilipotokea, na nilipoondoka akapona.

Mama aliona. "Jirani akinikatalia ng'ombe," alisema, "hata hilo jiwe halina maana tena. Sitafungwa nira mimi na wewe. Nenda huko."

Nikaenda. Makao ya wilaya enzi zile hayakuwa Karatu, kwa hiyo ilibidi nikae juu ya magunia ya ngano, ndani ya vumbi jekundu, nikiomba kila kona iwe ya mwisho. Nilishuka nikiwa na sura ya mtu aliyefukuliwa. Nikajipangusa, nikaingia ofisini, nikafika kwenye dirisha la masijala, mahali wanapotunza majalada. Ndani alikaa dada mmoja anafuma sweta la mtoto.

"Dada, habari za kazi. Nimekuja kufuatilia barua. Niliomba kuona ramani ya mpaka wa upande wetu."

"Aa, ile ramani!" alisema, kama mtu aliyetajiwa jamaa yake. "Ilikuwa pale kwenye rafu. Watu huja wanaiangalia."

"Huja tu?"

"Si ramani? Unasema unataka nini, natoa, unaangalia hapo dirishani, narudisha. Hata chai haipoi."

Nikasogeza uso dirishani. "Basi nitolee."

"Haipo tena. Ilikuja barua moja yenye alama ya siri." Alihesabu vitanzi vya sweta kwanza. "Barua ya siri haikai kwenye jalada la wazi. Na hiyo ilihusu jalada lile. Sasa barua haiwezi kukaa peke yake kama yatima, kwa hiyo jalada likaifuata barua. Na ramani imo ndani ya jalada." Akanionyesha kwa sindano ya kufumia mlango wa mwisho wa korido, wenye kufuli mbili. "Masijala ya siri. Sijui mjinga gani aliiandika."

Nikamwambia nitajitahidi kumjua.

Nyuma ya mlango ule alikaa bwana aliyevaa kaunda suti ya kijivu, kalamu tatu mfukoni. Hakunikaribisha kiti, lakini hakunifukuza, nalo hilo likanitisha zaidi.

"Umejuaje kuna barua ya siri?"

"Niliiandika mimi, ndugu."

"Nani aliamua kuwa ni siri?"

"Mimi mwenyewe."

"Kwa mamlaka gani?"

Nilifikiri kwa bidii. "Kidato cha nne," nikasema.

Akaandika. "Siri gani unayoijua kuhusu mpaka ule?"

"Hakuna."

"Hakuna siri, ukaandika siri, kwa wino mwekundu, kwa rula?"

Akaandika tena, safari hii polepole. Niligundua kwamba kila nilipomwambia ukweli kalamu yake ilipunguza mwendo, kana kwamba uongo wangu ungemrahisishia kazi. Nikamwomba niisome ile barua, angalau nikumbuke nilichokiandika.

"Aliyeiandika anaijua," alisema. "Asiyeijua hakuiandika. Kwa vyovyote vile huna sababu ya kuisoma."

"Naweza kuifuta hiyo alama?"

"Siri haifutwi na mtu aliyetoka shambani, ndugu. Nenda nyumbani. Tutakufuata."

Siku hizi naambiwa ipo sheria kabisa, mwananchi anaomba taarifa na ofisi inapaswa kumjibu. Nimefurahi kusikia. Lakini sheria hiyo ingekuwepo wakati ule, nina shaka kama ingeniokoa, maana serikali haikuwa imenificha ramani. Ilikuwa imeiweka dirishani. Mtu aliyeificha ni mimi.

Nilirudi nikamweleza mama mkasa wote, sikuacha hata dada wa sweta. Alinisikiliza huku anageuza ugali. Alipoongea, aliongea na chungu.

"Nilimtuma akamfungulie ndama," alikiambia chungu, "yeye akamfungia na fisi."

Rasharasha za kwanza zilikuwa zimeshanyesha waliponifuata. Tulisikia gari kabla hatujaliona. Mbele alitembea balozi, amevaa koti la kanisani siku ya kazi. Nyuma yake bwana ardhi, mtu mnene mwenye pumzi fupi na mnyororo wa kupimia begani, kisha yule wa kaunda suti na jalada kwapani. Miaka ile watu walikuwa wanachukuliwa kwa sababu ya bidhaa walizoficha, kwa hiyo nikapekua nyumba yetu kwa mawazo, chumba kwa chumba, nikakumbuka kile kipande cha sabuni chini ya kitanda. Nikaona maisha yangu yanaishia kwenye povu.

Waliketi. Mama akawaletea maziwa ya moto na viazi vitamu, kwa sababu mgeni ni mgeni hata akija kukukamata. Bwana wa kaunda suti akafungua daftari, akamgeukia mama. Alitaka kujua nani yuko nyuma yangu.

"Mama, huyu kijana wako anatembea na nani?"

Kiswahili cha mama kilikuwa kifupi, alikipata mnadani na kanisani. "Hatembei," alijibu.

"Jioni huwa anakwenda wapi?"

"Haendi."

"Ana marafiki kutoka nje?"

"Hata wa ndani hana."

"Mikutano? Vikundi?"

"Baba, huyu nikimtuma kisimani anarudi kuuliza njia."

Balozi alikohoa ili asicheke. Bwana ardhi hakujizuia. Nilitaka kujitetea, niseme kwamba ninao marafiki, nitaje hata wawili, kisha nikatambua kwamba kila aibu aliyonivika ilikuwa inanitoa jela. Nikainamisha kichwa nikala kiazi. Bwana wa kaunda suti alifunga daftari lake kwa uso wa mtu aliyechimba kisima akakuta mwamba.

"Mmemaliza maswali?" mama aliuliza.

"Tumemaliza."

"Mimi ninalo moja. Kuna jiwe shambani kwangu, na mvua hiyo imekuja. Nilime, au nisilime?"

Bwana ardhi akaangalia jalada. "Ramani imo humo," alisema.

"Jalada ni la siri," alijibu mwenzake.

"Lakini ramani ilikuwa ya wazi."

"Ilikuwa. Sasa imo kwenye la siri."

"Nikiitoa?"

Bwana wa kaunda suti alifikiri. Nadhani safari ndefu ya kuja kumkuta mtu asiye na hata rafiki ilikuwa imemchosha. "Ukiitoa wakati mimi nakunywa maziwa," alisema, "mimi nilikuwa nakunywa maziwa." Akazamisha uso kwenye kikombe. Mama akakijaza mara tu kilipopungua.

Tulipanda wote hadi shamba la juu. Bwana ardhi aliitandaza ramani chini, tukaikandamiza pembe zake kwa mabonge ya udongo. Akaitazama, akalitazama jiwe, akacheka.

"Mama, hili jiwe si mpaka. Hapa ndipo tunapoanzia kupima, basi."

Mama alipiga makofi, akamtaja Mungu kwa Kiiraqw. Mimi nilikwisha kuanza kutabasamu, tabasamu la msomi aliyeelewa mambo tangu mwanzo. Ila bwana ardhi alikuwa amefungua mnyororo, akampa balozi ncha moja, na sasa alikuwa anapanda, anahema, anapima tena, anapanda. Tulimfuata. Alisimama katikati ya shamba, palepale udongo unapoanza kuwa mweusi kabisa, akapigilia kigingi.

"Chini ya hapa lima, mama, usimwogope mtu. Juu ya hapa ni hifadhi. Usiguse hata kwa jembe la mkono."

Mama aliangalia juu ya kigingi. Mabua ya mahindi ya mwaka uliopita yalikuwa bado yamesimama kule, manene kuliko ya chini.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu ramani ilipochorwa."

"Na miaka yote hii nikilima?"

"Hatukuwa tumeulizwa," alisema bwana ardhi, na nadhani alikusudia kumfariji.

Wakapigilia vigingi vingine kwa upana, mpaka kwenye ua wa mkonge. Pale bwana ardhi aliinua mkono, akaunyoosha kuelekea ng'ambo. Mtoto wa darasa la pili angeona kwamba mstari ule ukiendelea utalikata shamba la mama jirani vilevile. Mwenyewe alikuwa amesimama katikati ya shamba lake ameegemea jembe, hakusalimia, hakuondoka.

"Huu mstari unaendelea," bwana ardhi alianza.

"Barua inasema shamba la nani?" aliuliza wa kaunda suti.

"La mama huyu."

"Basi hatukutumwa kwa jirani."

Nikafungua mdomo. Mama, bila kugeuka, alinikanyaga mguu kwa katambuga lake la tairi, akaliacha pale mpaka nilipoufunga. Hadi leo sijui kama nilitaka kusema kwa ajili ya haki au kwa ajili ya wivu. Nikimkumbuka yule kijana, namshuku.

Walipoondoka, mama hakunisema. Aliketi kwenye mfereji, akaanza kuhesabu kwa vidole magunia yatakayopungua, akaacha njiani. Kesho yake alfajiri mama jirani alikuja mwenyewe, anamkokota maksai wake, mguu mzima kabisa. Hawakuzungumza habari za barua wala vigingi. Walifunga nira, mmoja akashika plau, mwingine fimbo, mimi nikapewa kamba ya mbele, kazi ya mtu asiyeaminiwa na kazi nyingine. Tulilima nusu yetu. Tulipofika kwenye vigingi mama alisema "hoo" mapema sana, tukageuza ng'ombe.

Kisha tukaingia kwa mama jirani. Mama yangu alikaa kando kupumzika, mama jirani akashika plau. Tukapanda. Tukafika usawa wa vigingi vyetu, nikageuka kumtazama, yeye akatazama mbele. Tukapita. Udongo uliokuwa unageuzwa nyuma yangu ulikuwa mweusi, unang'aa, na miti ya msitu ilikuwa karibu kiasi kwamba nilisikia nyani wakigombana. Maksai wetu alikuwa ndani ya nira ile. Nikavuta kamba, nikawasimamisha ng'ombe.

"Mama, samahani. Hapa umeshapita. Uliona mstari ulivyokwenda. Wakija leo si watawachukua wote wawili?"

Alijifuta jasho kwa upande wa khanga, hakuachia mikono ya plau.

"Garma, vuta kamba. Kwenu mliuliza mkapunguziwa, mimi sijauliza, ninalima."